Miguu inawaka, shuka haligusiki: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu miguu: inayowaka, inayochomachoma, iliyokufa ganzi. Wengi wenu mna kisukari, ambacho ndicho chanzo kikubwa cha neva za miguuni kuharibika, ila si wote. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaondoa.

Nina miaka 61 na kisukari cha muda mrefu. Mchana najikaza, lakini nikipanda kitandani nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Hata shuka likinigusa naumia. Panadol nimemeza mpaka nimechoka. (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Panadol na diklofenaki ni dawa za jino, kiungo kilichovimba, jeraha. Nyayo zako hazina jeraha. Kilichoharibika ni neva yenyewe, nayo inapeleka kwenye ubongo habari za moto ambao haupo. Sukari ikikaa juu kwa miaka huziumiza neva pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha, na zile ndefu kuliko zote, zinazofika vidole vya miguu, ndizo hutangulia. Ndiyo maana ugonjwa huanzia vidoleni ukapanda pande zote mbili, kama mtu anayevaa soksi. Na diklofenaki ya kila siku kwa mwenye kisukari ni kuzitafutia figo balaa. Kama unaimeza, iache.

Zipo dawa za maumivu ya neva: amitriptilini, gabapentini, pregabalini, duloksetini. Zote huandikwa na daktari, huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Zipe wiki kadhaa kabla ya kusema hazifanyi kazi. Na nikwambie ukweli ambao wauza dawa za mitaani hawausemi: ni nadra maumivu kuisha kabisa. Ukiambiwa uyape alama kuanzia sifuri hadi kumi, yakashuka kutoka nane hadi nne na ukalala, hapo dawa imefanya kazi.

Kuhusu shuka, tafuta boksi gumu la katoni, ukate pande mbili zinazotazamana, ulifudikize mwishoni mwa kitanda, miguu ikae ndani na shuka lipite juu yake. Wengine hutumia kigoda. Kitambaa kilicholowekwa maji ya kawaida ya mtungini na kukamuliwa pia hutuliza. Barafu hapana, kwa sababu ngozi isiyohisi vizuri huungua kwa baridi pia.

Daktari alinipa amitriptilini. Mwanangu akasoma karatasi ya ndani akaniambia ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nimeificha kabatini. (Baba, Dodoma)

Itoe kabatini, mzee wangu. Ilianza kweli kama dawa ya sonona, tena kwa dozi kubwa. Baadaye ikaonekana kwamba kiasi kidogo hupunguza kelele za neva zilizoumia. Hao wa sonona hupewa hata miligramu 150 kwa siku, wewe pengine umeandikiwa 10 au 25. Hakuna aliyekuona umechanganyikiwa.

Imeze saa moja au mbili kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utaamka na kichwa kizito. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu. Ukiamka usiku kwenda haja, keti kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo usimame, maana hushusha presha ghafla na wazee huanguka. Ila kama una tatizo la moyo, tezi dume linalokubania mkojo, au presha ya macho, rudi kwa daktari umwambie kabla ya kumeza hata kimoja. Hayo ndiyo ya kuogopa, si maneno ya mtaani.

Shoga yangu ananikandia miguu kwa maji moto na chumvi kila jioni. Mwingine kaniambia nipake pilipili iliyosagwa. Nifuate lipi? (Dada, Tanga)

Hakuna. Mkono wa shoga yako unaweza kulipima lile beseni, mguu wako hauwezi. Watu huja kliniki na malengelenge ya kuungua kutoka kwenye beseni kama hilo, na hawakusikia chochote mpaka walipoona ngozi inavuka. Wa Njombe na Limuru wanaoota moto miguu ikiwa karibu na jiko, nao wajihadhari vivyo hivyo.

Pilipili ina chembe ya ukweli ndani yake. Ipo krimu ya hospitali iliyotengenezwa kwa kiini kinachoifanya pilipili iwashe, kwa kipimo maalumu, na baadhi ya watu huwafaa. Ya kinuni haina kipimo.

Niliteseka na miguu miaka minne. Tangu mwaka jana maumivu yameisha yenyewe, bila dawa. Je, nimepona? (Mzee wa miaka 67, Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Natamani ningekujibu ndiyo. Barua yako ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote, kuliko hata ya mama wa Morogoro asiyelala. Mara nyingi maumivu haya huisha kwa sababu neva imekufa kabisa, haina tena nguvu ya kulalamika. Na mguu usiolalamika hukanyaga msumari ukaendelea na safari.

Jipime leo. Vua viatu, lala, fumba macho. Mjukuu aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, polepole, bila kubonyeza wala kusugua, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, cha katikati, kisha cha mwisho, miguu yote miwili. Vidole sita. Kila ukihisi, sema. Asirudie kidole ulichokikosa, na asikuulize "hapa je?", maana utabahatisha. Ukikosa viwili au zaidi, hesabu kwamba mguu umepoteza hisia. Kipimo hiki kilibuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote.

Ukionekana huhisi, kazi ya macho inaanza. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo cha kunyolea, na katikati ya vidole. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, uingize mkono ndani: mawe, vifuniko vya soda na hata funguo iliyopotea vimewahi kukutwa humo. Sugu usiikate kwa wembe. Ndala ziwe za bafuni tu, shambani vaa kiatu kilichofunika. Kiatu kipya, au cha mtumba, kinunuliwe jioni mguu ukiwa umejaa.

Na kuna panya. Usicheke. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, bila kuamka. Osha miguu kabla ya kulala, isibaki na harufu ya chakula, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, usiukanyagie. Siku hiyohiyo nenda hospitali, mifupa ya ndani inaweza kuwa inavunjika.

Nimeanza insulini miezi miwili iliyopita, sukari imeshuka vizuri sana, lakini miguu imezidi kuwaka. Niache insulini? (Kaka, Nakuru)

Usiache. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishuka haraka, neva huweza kuanza kuuma vikali wiki chache baadaye. Hutokea hasa kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, kinaposhuka kwa pointi mbili au zaidi ndani ya hiyo miezi. Kwa wengi hutulia, ila huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mweleze daktari wako ili akupe dawa ya maumivu, aamue kama sukari ishushwe kwa mwendo wa pole, na akupime macho, kwani nayo huweza kusumbuka kipindi hicho.

Duka la dawa wananichoma sindano ya vitamini B kila wiki. Inasaidia? (Mama, Kahama)

Inasaidia kama una upungufu. Ukitumia metformini, kidonge cha kisukari, kwa miaka, B12 inaweza kushuka, na ganzi yake haina tofauti na ya kisukari, kwa hiyo omba upimwe. Lakini B6 nyingi kwa miezi mingi yenyewe huharibu neva za miguu. Soma boksi, na wasikuchome kwa mazoea.

Natumia ARV na sasa nimeanzishiwa isoniazidi ya kukinga kifua kikuu. Vidole vya miguu vinakufa ganzi. (Msomaji, Mbeya)

Isoniazidi huupunguzia mwili vitamini B6. Ndiyo maana hutolewa pamoja na piridoksini, ambayo ndiyo hiyo B6, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku. Angalia kama ulipewa na kama unaimeza. Usikatishe dawa yoyote kwa uamuzi wako, rudi kliniki wiki hii. Wasomaji waliotumia zamani stavudini, mojawapo ya ARV za awali, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009, huenda bado wana maumivu yaliyobaki. Kwao hiyo si dalili kwamba dawa za sasa zinawadhuru.

Mguu wangu hauhisi vizuri, nami nasali msikitini sala zote. Viatu vinabaki mlangoni. (Mzee, Mombasa)

Mzee wangu, hatari iko kwenye ua wa mawe wakati wa adhuhuri, na kwenye maji yanayobaki vidoleni baada ya udhu. Makubadhi yasivuliwe mpaka ufike kizingitini. Beba kitambaa kidogo cha pamba, ukaushe katikati ya kila kidole, hapo ndipo fangasi huanzia na ngozi hupasuka. Ndani vaa soksi nyeupe ya pamba. Nyeupe kwa sababu tone la damu au usaha utaliona ukifika nyumbani.

Pombe inahusika? (Kaka, Arusha)

Sana, hasa ikinywewa badala ya chakula. Ukiacha, neva huweza kupata nafuu pole pole.

Nina baka la ngozi lililofifia na halihisi, na mguu umeanza ganzi. (Msomaji, Lindi)

Nenda kituo cha afya wakupime ukoma. Unatibika, dawa ni bure, na ukiwahi mguu unaokoka.

Ganzi yangu ilianza Jumatatu nyayoni, leo Alhamisi imefika magotini na miguu haina nguvu. (Msomaji, Kigoma)

Hii siyo ya safu. Nimeshakujibu kwa simu, na ninairudia hapa kwa mwingine yeyote: ganzi inayopanda ndani ya siku chache pamoja na udhaifu inaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Hospitali kubwa, leo, ukisindikizwa na mtu.