Waya ulio kwenye droo

Mwanangu Wanza,

Ujumbe wako wa Jumanne usiku niliuona, nikauacha makusudi. Uliniuliza: "Mama, nikiacha hii kazi ya supamaketi niende chuo cha ufundi kusomea mitandao ya kompyuta, kuna mtu ataniandika, ama nitakuwa nimepoteza miaka?" Swali kama hilo sikutaka kulijibu kwa simu huku mteja amesimama kaunta akingoja nimprintie kitambulisho. Leo nimefunga saiba yangu ya intaneti mapema, nimejipikia chai, nikujibu kama mtu.

Nenda. Lakini usiende kwa ile sababu ya mjomba wako, eti kompyuta ndiyo maisha ya sasa. Kompyuta zimekuwa maisha ya sasa tangu nilipofungua hapa Umoja mwaka wa 2006, na wenye vyeti vya kompyuta ninawaona kila wiki, wanakuja kwangu kuuliza kama nina kazi ya kuchapa.

Unajua mimi sikusomea haya mambo. Ninachokijua nimekijua kwa kuwalipa mafundi. Wakati ule intaneti ya Kenya ilikuwa inashuka kutoka kwa satelaiti, ghali na ya kujikokota. Nilitoza shilingi moja kwa dakika, na mtu alimaliza shilingi tano barua pepe moja haijafunguka. Kisha mwaka wa 2009 kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na polepole shida ikahama. Ikatoka baharini ikaja humu ndani: kwenye waya, kwenye plagi, kwenye ile rauta, kisanduku kinachogawa intaneti, iliyofunikwa vumbi. Hapo ndipo nilianza kuwajua mafundi.

Unakumbuka nilipokodi kile chumba cha juu nikaweka mashine nne? Fundi alivuta waya wa kama mita 40 kutoka kwa swichi ya chini, kile kisanduku cha matundu kinachounganisha mashine, akabana plagi za RJ45, zile za plastiki za waya wa mtandao, pande zote mbili, akachomeka testa ya kupimia waya. Taa zikawaka moja hadi nane, zikifuatana vizuri. "Mathe, iko sawa." Mashine za chini zikaenda kama kawaida, za juu zikawa zinafungua ukurasa nusu zinakwama. Akarudi, akasema rauta imezeeka. Nikanunua rauta. Akarudi tena, akasema basi ni swichi. Nikanunua swichi, na karo yako ya muhula huo ndiyo iliyochelewa, nisamehe, sikukwambia sababu.

Aliyeniokoa ni kijana wa chuo aliyekuja kuprinti ripoti yake ya atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Alinisikia nikilalamika, akaomba auone ule waya. Hakuuliza testa. Aliinua plagi kwenye mwanga, akasoma rangi kupitia ile plastiki, akacheka: "Mathe, huyu alizipanga kwa urembo."

Ndani ya ule waya mna nyuzi 8, jozi 4, na kila jozi imesokotwa. Kumbe kule kusokotwa kuna kazi: ndiko kunakozuia kelele za jozi jirani zisiingilie. Mtandao wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde unatuma kwa nyuzi ya 1 na ya 2, unapokea kwa ya 3 na ya 6. Kwa hiyo ya 3 na ya 6 lazima zitoke jozi moja, ndiyo maana bluu na mwenzake hukaa katikati yao, namba 4 na 5. Fundi wangu alikuwa amepanga jozi zikifuatana tu, chungwa, kijani, bluu, kahawia, sawasawa pande zote mbili. Basi ya 3 ikawa ya jozi ya kijani na ya 6 ya jozi ya bluu, nyuzi mbili zisizojuana. Testa ya bei rahisi haioni kosa hilo, maana inauliza swali moja tu: umeme umefika upande wa pili? Umefika. Kwenye waya mfupi ungeweza hata usigundue, lakini kwa mita 40 sauti zilishachanganyikana. Kijana alikata ncha zote mbili akazipanga upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Dakika kumi. Nilimpa 500 na ripoti nikamprintia bure.

Sasa, yule wa kwanza hakuwa mjinga wala mwizi. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya huyu mwanafunzi. Alijifunza kwa kutazama, na aliyemtazama naye alijifunza kwa kutazama. Alijua rangi zifanane pande mbili, hakujua kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo ninayotaka ukanunue kwa karo.

Kuhusu hesabu, najua ndiyo inayokutisha. Nilimuuliza huyo kijana kuhusu zile namba za anwani za mashine kwenye mtandao, 192.168.1 na kuendelea, akanichorea nyuma ya risiti. Chukua anwani 256 kama shamba la Kayole. Ukilikata ploti nne, kila moja ni 64. Katika kila ploti mbili hazijengwi: ya kwanza ni jina la ploti yenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote. Zinabaki 62. Mwanangu, hii ni kugawanya kwa mbili, na wewe unapigia watu chenji siku nzima. Mimi mwenyewe siku hizi nikiona mashine imejipa anwani ya 169.254, najua imeomba anwani ikakosa wa kuipa, naenda kuangalia rauta na waya kabla sijampigia mtu yeyote simu.

Shangazi yako anasema msichana hapandi nguzo. Utapanda. Mwaka wa kwanza au wa pili utakuwa wewe wa ngazi na wa kubeba mabunda ya waya, pengine kwa malipo ya kibarua, na nikikwambia utaanzia ofisini kwenye kiyoyozi nitakuwa nakudanganya. Shangazi mwenyewe taa ya rauta yake ikigeuka nyekundu huwa hapigi simu kuuliza kama anayekuja amevaa sketi.

C minus yako ya kidato cha nne inatosha kuingia diploma, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie kozi ya wiki sita. Ukipata nafasi chuo cha serikali kupitia KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kinachobaki tutakisukuma mimi na wewe. Ule mtihani wa CCNA watakaokutajia, wa cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ni wa dola 300 na cheti chake kinaisha baada ya miaka mitatu. Usiukimbilie. Fanya kwanza atachimenti ujue kama hii kazi unaipenda kweli. Packet Tracer, programu ya kufanyia mazoezi ya mitandao, ni ya bure, unaweza kuunganisha rauta za kwenye skrini hapa saibani usiku kucha, stima nitalipa mimi.

Kitu kimoja nakataa: kulipa karo kabla ya kuona maabara. Nimetembelea chuo kimoja, sitakitaja, swichi zao zilikuwa ndani ya kabati la kioo na kufuli, za kuonyesha wageni. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuharibu plagi hamsini hajasomea mitandao.

Omba ofu Alhamisi. Shuka Ngara saa nne, nitakuwa nakungoja, twende pamoja kwenye hicho chuo ulichonitajia. Ule waya wa mita 40 kijana aliukata ncha tu, na moja ya zile plagi niliiweka kwenye droo ya kaunta hadi leo, kipande cha waya bado kinaning'inia. Nitakuja nayo. Nitampa mwalimu wao aishike, nione kama ataangalia rangi au atauliza testa iko wapi.

Mama yako