Maswali ya wasomaji: Mchungaji George MacDonald na riwaya zake

Nilipomgusia hapa George MacDonald, mchungaji wa Uskoti aliyeandika riwaya na hadithi za watoto, maswali yalikuja mengi. Nimechagua matano.

Kwa nini aliacha uchungaji? Alifukuzwa? (Msomaji, Dodoma)

Hakufukuzwa, alibanwa mpaka akaondoka mwenyewe. Alizaliwa Huntly, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, mwaka 1824, akakulia katika mafundisho kwamba Mungu alikwisha kuwachagua watakaookoka kabla hawajazaliwa, na waliobaki ndiyo basi tena. Inasimuliwa kwamba alipoelezwa hivyo utotoni alilia, na hata alipohakikishiwa kuwa yeye yumo kati ya waliochaguliwa, hakubembelezeka. Mimi naona vitabu vyake vyote vinatoka katika kilio kile.

Mwaka 1850 aliitwa kuchunga kanisa dogo la Arundel, kusini mwa Uingereza. Huko akafundisha kwamba huenda hata wasiomjua Kristo wakafikiwa na rehema baada ya kufa, na kwamba wanyama nao wana fungu lao kwa Mungu. Wazee wa kanisa wakaona kijana kaharibiwa na elimu ya dini kutoka Ujerumani. Wakampunguzia mshahara, wakitumaini ataelewa anachoambiwa. Yeye akakubali kuishi na hicho kilichobaki. Alikuwa na mke, Louisa, watoto wameanza kuja, na mapafu yake yalikuwa yamekwisha kumtoa damu. Mwaka 1853 akajiuzulu.

Familia ilikula nini? (Mama wa watoto watatu, Nakuru)

Ilikula kwa shida, mama. Watoto walifika 11. Baba alifundisha, akatoa mihadhara, akaandika usiku na mchana, na marafiki wakasaidia. Mwaka 1872 alivuka kwenda Marekani kuzungumza mji hadi mji, na mwaka 1877 Malkia Victoria akampa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Mke na watoto walicheza tamthilia mbele ya watu. Binti mkubwa, Lilia, ndiye aliyesifiwa zaidi. Lilia alimuuguza rafiki mwenye kifua kikuu, akaambukizwa, akafariki mwaka 1891. Alikuwa mtoto wa nne ambaye wazazi wake walimzika. Mtu aliyeandika sana kuhusu wema wa Mungu hakuandika akiwa ameketi pazuri.

Je, riwaya zake si mahubiri tu yaliyovishwa nguo? (Mwalimu, Mombasa)

Mara nyingine ndivyo, Mwalimu, sitakuficha. Kuna kurasa ambazo mhusika anasimama na kuhubiri mpaka unatamani hadithi irudi. Lakini soma *Robert Falconer*, ya mwaka 1868. Mvulana analelewa na bibi mcha Mungu anayeamini kwamba muziki wa fidla ni njia ya shetani. Kijana anaificha fidla yake; bibi anaigundua, anaitia motoni. Na bibi huyo si katili. Anampenda mjukuu kufa na kupona, na anaichoma kwa sababu anampenda. Hakuna mahubiri yanayoweza kuonyesha hofu ya dini ikila upendo kwa namna ile. Mimbari aliyonyang'anywa Arundel aliijenga upya humo, na waumini wakawa wengi kuliko kanisa lile lingeweza kubeba.

Ni kweli aliwaathiri waandishi Lewis Carroll na C. S. Lewis? (Kijana wa chuo, Morogoro)

Kweli, wote wawili. Carroll, aliyeandika *Alice's Adventures in Wonderland*, alikuwa rafiki wa nyumbani. Hadithi ya Alice ilisomwa kwa watoto wa MacDonald ikiwa bado mswada, nao walivyoifurahia kulimtia moyo aichapishe. C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, hakukutana naye. MacDonald alifariki mwaka 1905. Ila mwaka 1916, akiwa kijana asiyeamini, Lewis alinunua *Phantastes*, riwaya ya MacDonald, katika kibanda cha vitabu cha stesheni ya treni, na baadaye aliandika kwamba usiku ule fikra zake zilibatizwa.

Nilijaribu kumsoma nikakwama, Kiingereza chake kina maneno ya ajabu. Nianzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Hayo ni Kiskoti, lugha ya nyumbani kwake: *bairn* ni mtoto, *ken* ni kujua, *greet* ni kulia. Yasome kwa sauti. Ni kama mtu wa bara anapokutana na mashairi ya Kimvita, jicho hukwama pale sikio linapopita.

Ila kwa kuanzia, yaache hayo. Chukua *At the Back of the North Wind*, ya mwaka 1871. Haki zake zimekwisha, hivyo inapatikana bure mtandaoni. Mtoto wa mwendesha magari ya farasi analala darini juu ya zizi, upepo unampiga kupitia tundu la ubao, na mama yake amelibandika karatasi ya kaki. Usiku Upepo wa Kaskazini unamsemesha: nani kaziba dirisha langu? Msomee mtoto wako sura hiyo ya kwanza, taa ikiwa chini.