"Hakuna shida" ya Guangzhou

Msomaji mmoja mwenye duka Kariakoo ametutumia picha ya makatoni 100 aliyoagiza kiwandani Uchina, kila katoni ina mabirika 12 ya umeme. Mabirika yenyewe ni mazuri, yanang'aa, na nembo yake imechapwa sawasawa. Msiba uko kwenye plagi: meno matatu bapa, mawili yamekaa mshazari. Ni plagi ya Uchina, haiingii kwenye soketi za Dar es Salaam wala za Mombasa. Ameandika: "Nilimuuliza muuzaji wa kiwanda mara tatu kama ataniwekea plagi ya kwetu, mara zote tatu akanijibu hakuna shida. Huyu si mwizi?"

Si mwizi, ndugu yangu. Na inauma kuliko kama angekuwa mwizi, kwa sababu hela hii ingeweza kuokolewa kwa swali moja lililoulizwa vizuri.

Fundi cherehani akikwambia "pita Ijumaa jioni" huku vitambaa vya wateja wengine vimerundikana mezani havijaguswa, unajua kwamba Ijumaa hiyo haipo. Humwiti mwongo. Unaelewa kwamba amekusitiri na amejisitiri, mmeachana vizuri, na nguo utaipata wiki nyingine. Lugha hii tumeizaliwa nayo. Tunapokanyaga Guangzhou au Yiwu, miji ya biashara ya Uchina, ndipo tunaisahau, tukadhani kila neno la muuzaji ni kiapo.

Wachina wana neno mianzi, yaani uso, na maana yake iko karibu sana na sitara yetu. Kumwambia mgeni "hapana" ana kwa ana, hasa mbele ya bosi au wenzake, ni kumvua nguo yeye na kujivua wewe. Kwa hiyo hapana huja imevaa mavazi mengine. Mei wenti, "hakuna shida", mara nyingi maana yake ni "nimekusikia, tuendelee". Yanjiu yanjiu, "tutalichunguza", ni hapana ya ofisini. Bu fangbian, "si rahisi kwa sasa", ni hapana kamili, usingoje nyingine. Na chabuduo, "karibu sawa", likitamkwa juu ya sampuli, simamisha kila kitu utoe rula, kwa sababu hilo "karibu" halina kipimo.

Dawa ni kuacha kuuliza maswali yanayojibiwa kwa ndiyo. "Utaweka plagi ya Tanzania?" ni swali la ndiyo, na ndiyo utaipata bure. Uliza: "Utaweka plagi ipi? Nitumie picha yake ikiwa juu ya rula, na nyingine ikiwa imeshaunganishwa kwenye waya wa birika." Usiseme "plagi ya kwetu", maana anayesoma ujumbe wako hajawahi kuona ukuta wa nyumba ya Ilala. Andika jina la kiwango cha plagi yetu, BS 1363, meno matatu ya mstatili, yenye fyuzi ndani, kisha ambatisha picha yako. Umeme wenyewe haugombani: wao wanatumia volti 220, sisi Tanzania 230, na wote ni hezi 50. Kinachotutenga ni yale meno. Ukinyamaza, au ukisema kwa mafumbo, kiwanda kitafunga kile ambacho mashine inafunga kila siku.

Vivyo hivyo kwa tarehe. Usiulize "mzigo utakuwa tayari tarehe 20?" Uliza leo vimetoka vipande vingapi na kesho vitatoka vingapi, halafu piga hesabu mwenyewe. Jibu likija bila namba, umeshajibiwa.

Mkalimani naye ni mtu wa kuangaliwa. Yule anayeletwa na kiwanda ni wa kiwanda, na hata akiwa mwema atalainisha maneno ya pande zote mbili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Lipa wako, na umwambie kabla hamjaingia: nikikataliwa, nitafsirie kukataliwa.

Sasa bei, maana hapa ndipo tunapojichoma wenyewe. Kwetu kupatana ni sehemu ya salamu: mwenye duka akishindwa anakuacha utoke, kisha anakuita ukiwa mlangoni. Kiwandani ukimbana muuzaji kutoka dola 4.20 hadi 3.60 kwa birika, mara nyingi atakubali, kwa kuwa kukataa kungeukata uhusiano uliosafiri maili zote hizo kuujenga. Kisha hizo senti 60 wataenda kuzitafuta ndani ya birika. Stenlesi ya milimita 0.5 inakuwa 0.4. Waya wa sentimita 75 unakuwa 60. Shaba ndani ya waya inageuka alumini iliyopakwa shaba, na hapo si suala la faida tena. Birika la wati 1,500 huvuta kama ampea 6.5, na alumini hupata joto kuliko shaba ya unene uleule. Anayekuja kusikia harufu ya plastiki inayoungua ni mama aliyenunua kwako, yuko jikoni kwake na watoto.

Ukitaka bei ishuke, taja wewe kitakachopungua. Mwambie aondoe boksi la rangi aweke la kahawia, au achape nembo kwa rangi moja badala ya tatu, kisha aseme bei mpya. Umempa njia ya kushuka bila aibu, na vilivyo ndani havijaguswa. Halafu funga milango iliyobaki. Omba sampuli tatu zinazofanana, zifungwe kwenye mifuko, mtie sahihi nyote wawili juu ya gundi: moja yako, moja ya kiwanda, moja ya mkaguzi. Pima yako kwa mizani ya gramu. Ikiwa ni gramu 850 bila boksi, andika kwenye mkataba gramu 850, isipungue zaidi ya 25. Siku ya ukaguzi kata waya wa birika moja, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, usilipe salio.

Utaratibu wa kawaida ni asilimia 30 kianzio na 70 kabla mzigo haujaondoka. Hiyo 70 ndiyo sauti yako pekee. Ukishaituma, kila ujumbe wako unakuwa ombi.

Na unapotuma, angalia unamtumia nani. Mkataba wa kampuni ya Uchina husimama kwa muhuri, ule mwekundu wa duara wenye nyota katikati, kuliko sahihi ya mtu. Msichana mchangamfu anayejiita kwa jina la Kiingereza kwenye WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, ni mwajiriwa, na mwakani anaweza kuwa kampuni nyingine. Omba jina la kampuni kwa herufi za Kichina na namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18 kwa jumla, ulinganishe na jina lililo kwenye muhuri na kwenye akaunti ya benki. Yote matatu yawe kitu kimoja. Ukiambiwa utume kwenye akaunti ya mtu binafsi "ili iwe rahisi", rahisi hiyo ni ya upande mmoja.

Namba zina mitego yake. Wachina wanahesabu kwa wan, yaani elfu kumi kumi, kwa hiyo laki yetu kwao ni "kumi" za wan, na mtu anayetafsiri kichwani kwa haraka huangusha sifuri moja bila kujua. Vidole navyo vinadanganya: kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja, kwao ni 8, si 2. Gumba na kidole cha mwisho ni 6. Kwenye vibanda vya Yiwu kila mtu ana kalkuleta, na hiyo ndiyo lugha ya kuamini. Andika, geuza, aione, akubali, piga picha ya kioo kabla hajafuta.

Saa pia. Ukiandika "nipigie saa 3", wewe unamaanisha asubuhi baada ya chai, yeye anasoma saa 9 za usiku. Andika 09:00 na uongeze jina la mji. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5, na mchana ofisi nyingi hupumzika, watu wanalaza vichwa mezani hadi karibu saa 8 mchana za kwao. Kwa hiyo muda wako wa kumpata fundi wa kiwandani, si muuzaji tu, ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 na nusu mchana za Dar. Ukisubiri utoke kuswali adhuhuri, muuzaji atakujibu kwenye simu hata usiku, lakini mwenye kujua unene wa bati ameshapanda basi. Tarehe wao huandika mwaka, mwezi, siku, kwa hiyo mwezi uuandike kwa jina.

Kalenda inastahili kikao chake. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2027 unaangukia tarehe 6 Februari. Wafanyakazi wengi wa viwandani wametoka mikoa ya mbali na huu ndio wakati wao wa kwenda kwa wazazi, hivyo mashine huanza kupoa wiki mbili au tatu kabla, na wengi hawarudi hadi ipite siku ya kumi na tano ya sherehe. Baadhi hawarudi kabisa, na oda ya kwanza baada ya likizo hushikwa na mikono migeni. Mwaka huo Ramadhani nayo inaanza siku hizohizo, na Idi itakuwa karibu na tarehe 9 au 10 Machi, mwezi ukiandama. Anayetaka kuuza kwa ajili ya Idi hesabu yake inarudi nyuma hivi: siku 30 hadi 45 za kutengeneza, mwezi au zaidi baharini, kisha bandari na forodha. Kianzio kiwe kimefika mwanzoni mwa Novemba 2026. Anayelipa Desemba atapewa "hakuna shida" kwa moyo mkunjufu, na mzigo ataupokea watu wameshavua kanzu. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni likizo ya taifa, usipange ukaguzi humo.

Mezani si pagumu kama watu wanavyoogopa. Mwenyeji ndiye anayeagiza na ndiye anayelipa, usigombanie bili. Kama huli nguruwe au hunywi pombe, sema siku moja kabla, utapelekwa mkahawa wa qingzhen, wa Waislamu, na utainua kikombe cha chai. Guangzhou ukimiminiwa chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, hiyo ni asante. Kadi ipokee kwa mikono miwili, kama unavyompokea mzee kitu. Usipeleke zawadi ya saa ya ukutani, kwao inasikika kama kumzika mtu.

Turudi kwa mabirika. Usimtukane muuzaji kwenye kundi la WeChat ambamo bosi wake yumo. Ukimwumbua humo hatakuwa na njia ya kukusaidia hata akitaka. Mwandikie peke yake. Ambatisha picha tatu: katoni inayoonyesha namba, plagi juu ya rula, na ukurasa wa oda uliotaja plagi, kama upo. Taja idadi, 1,200. Usidai pesa irudi, kwa sababu hilo ndilo gumu zaidi kwake kulipeleka juu. Dai plagi 1,200 za BS 1363 zenye fyuzi, za kufunga kwa skrubu, kwa gharama ya kiwanda, ziingie kwenye mzigo wowote unaotoka wiki hii, na punguzo la ujira wa fundi kwenye oda ijayo. Wakati wa kufunga, waya wa kijani na njano, yaani wa ardhi (earth), uende kwenye jino refu. Usiuze birika hata moja na adapta ya meno mawili, kwa sababu mwili wa birika ni chuma na adapta hiyo haina njia ya waya wa ardhi.

Mwisho wa ujumbe usimuulize kama anakubali. Muulize zitapakiwa kwenye katoni namba ngapi.