Fundi wa Jukwaa: "Ninunue pawa kondishona?"

SWALI: Fundi, shikamoo. Naongoza bendi ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Tunapiga harusi, mahafali, na Jumamosi tuko kwenye ukumbi mmoja njia ya Ujiji. Raki yetu, yaani kabati la vyombo, ina amplifaya mbili na krosova ya kugawa sauti za juu na za chini. Msimu wa mvua uliopita taa za ukumbi ziliwaka kupita kiasi, mara amplifaya moja ikatoa moshi. Hakukuwa na radi. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ananiambia bila pawa kondishona nitaunguza na hii iliyobaki. Bei yake inakaribia ya amplifaya yenyewe, na wenzangu wanasema ni urembo tu. Je, ni lazima? — *Mpiga besi, Mwanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si lazima. Na kwa yaliyokupata, nina shaka kama ingekuokoa.

Ukifungua pawa kondishona ya kawaida utakuta safu ya soketi, koili na kapasita za kuchuja kelele za umeme, na vidude bapa, mara nyingi vya buluu, ukubwa wa sarafu. Hivyo ndivyo varista. Umeme ukiruka ghafla, varista inaumeza ule mruko usifike kwenye vyombo. Kila inapomeza inachakaa, na siku moja inakufa huku soketi zikiendelea kutoa umeme kama kawaida. Ndiyo maana nasema, ukinunua, nunua yenye taa ya kuonyesha kwamba ulinzi bado upo.

Sasa angalia kisichokuwemo. Hakuna cha kupandisha umeme ukishuka, wala cha kuushusha ukipanda. Ukiingiza volti 170, zinatoka 170. Wengi mnadhani kondishona na stebilaiza, ile ya kusawazisha volti, ni ndugu. Hata ujirani hawana.

Kigoma tulikaa miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa, na watu wakaamini gridi ikifika habari ya umeme mdogo imekwisha. Gridi haijui ukumbi wako uko nguzo ya ngapi kutoka kwenye transfoma, wala nani amefunga mashine ya kusaga kwenye laini hiyo hiyo. Kwa hiyo chukua mita ya kupimia volti, hata ya bei ndogo, upime soketi ya jukwaani saa mbili usiku bendi ikiwa inapiga. Mchana ukumbi mtupu utadanganyika. Tazama namba pale besi na kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, zinapogonga pamoja. Kawaida yetu ni volti 230. Kuna kumbi namba inaanza 215, muziki ukikolea inafika 185, wimbo ukiisha inarudi juu. Kwa amplifaya ya kizamani yenye transfoma nzito, nguvu hushuka kwa mraba wa volti: toka 230 hadi 180 umebakiwa na kama asilimia 61. Mpiga miksa anaona sauti imepwaya, anaongeza, amplifaya inaanza kukwaruza, twita (spika ndogo za sauti za juu) zinaungua. Lawama zinaangukia spika.

Na mara nyingi mwizi wa hizo volti ni ekstensheni yenu wenyewe. Waya wa milimita za mraba 0.75 ukivutwa mita 50, raki ikila ampea 10, volti kama 26 zinapotelea njiani. Wa milimita za mraba 2.5 haupotezi hata 8.

Turudi kwenye moshi. Taa kuwaka kupita kiasi bila radi ni dalili ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, iliyolegea. Ukumbi ukiwa na fezi tatu (nyaya tatu za moto), nyutro ikiachia, fezi moja inaweza kupanda kuelekea volti 400 na nyingine ikaanguka. Mruko wa radi unapita kufumba na kufumbua, huu unakaa. Varista inameza, inameza, mwishowe inapasuka. Zipo kondishona za bei ya juu zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Muulize muuzaji wako kama yake ni hiyo. Akianza kuzungukazunguka, umeshajua.

Mimi hela hiyo ningeanzia nayo kwingine. Mwenye ukumbi alete fundi umeme mwenye leseni, akaze nyutro na kupima ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Hilo ni jukumu lake, usimlipie. Wewe nunua kifaa cha kukata umeme ukizidi au ukipungua, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, na kiwe cha ampea zinazobeba raki nzima. Vile vidogo vya friji havifai. Kisha waya mnene. Stebilaiza iwe ya mwisho, kama mita itakuambia umeme wenyewe ni mdogo kabla hata hamjachomeka kitu. Ni nzito na bei yake si mchezo, hivyo msikimbilie.

Radi zetu za huku mnazijua: ngurumo zikianza, chomoeni plagi. Hakuna boksi la dukani litakalokutetea radi ikipiga nguzo ya jirani.

Kondishona mimi ninayo. Naipenda kwa soketi zake za nyuma na swichi moja ya mbele, na inapunguza ule mvumo kwenye spika unaoletwa na taa za disko. Ukifika huko, soma ampea: ya 10 kwenye volti 230 inabeba wati 2,300, basi.

SWALI: Mjomba ameniletea pawa kondishona kutoka Marekani, imeandikwa 120V. Niweke adapta ya plagi? — *Mwalimu wa kwaya, Kasulu*

JIBU: Usiichomeke, mwalimu. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti haizigusi. Varista za hiyo zimepangwa kwa volti 120. Kwa 230 zitapasuka papo hapo. Transfoma ya kushusha nayo haikusaidii, maana vyombo vya kwaya vitakavyochomekwa nyuma yake vinataka 230. Mpe mwenye vyombo vya Kimarekani.

SWALI: Kinanda chetu kilikuwa kinaunguruma kikiunganishwa na miksa. Fundi akakata mguu wa ethi kwenye plagi ya miksa, kukawa kimya. Tuache hivyo? — *Ujiji*

JIBU: Rudisheni huo mguu leo hii. Mwimbaji ameshika maikrofoni ya chuma, na ile ethi ndiyo inayomlinda miksa ikipata shoti. Muungurumo huo kwa kawaida unatokea kinanda kikichukua ethi ukuta huu na miksa ukuta ule. Chomekeni vyote sehemu moja. Ukibaki, nunueni DI boksi, kiboksi cha kuunganishia kinanda na miksa, yenye swichi ya kutenganisha ethi kwenye waya wa sauti. Na huyo fundi asiguse tena plagi zenu.