Jibu: Ushahidi kwa video kutoka Lamu, kesi iko New York

Salaam ndugu. Umeuliza mjomba wako ajiandae vipi: yeye yuko Lamu, kesi ni ya mahakama ya shirikisho New York, na mawakili watamhoji kwa kiapo kabla ya kesi kusikilizwa (wenyewe huita deposition), wengine wakiwa chumbani kule na wengine mtandaoni.

Anza na saa. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, na majira yao ya baridi ni saa kumi na moja. Kanuni zao zinaruhusu maswali kwa muda wa saa 7 katika siku moja, mapumziko hayahesabiwi. Piga hesabu: mzee atamaliza usiku mkubwa. Wakili wake aombe mapema mapumziko ya swala ya magharibi na isha, au siku mbili fupi.

Pili, mkalimani. Niliwahi kukaa na shahidi aliyesema Kiamu kitupu, lahaja ya Lamu, mkalimani akawa mtu wa bara. Nusu saa nzima ikaliwa na neno moja la chombo cha baharini! Mzee na mkalimani wajaribu kuzungumza siku moja kabla.

Vielelezo, yaani hati atakazoulizwa, visomwe kwenye kompyuta, si simu. Mkataba wa kurasa 80 hausomeki kwenye kioo cha kiganja. Intaneti iwe na njia ya pili, na betri zijazwe. Nyinyi wa nyumbani msikae naye chumbani, hata kumletea kahawa. Wataulizia nani yupo.

Na kabla kikao hakijafungwa, wakili aombe mzee aipitie nakala ya maneno yake. Akiomba, ana siku 30 za kuipitia tangu aarifiwe kuwa iko tayari.