Guangzhou, Hong Kong na kurudi Guangzhou: usilipie tiketi yoyote kabla hujasoma viza yako

Usilipie hiyo tiketi, mkuu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo: kwamba Oktoba unaondoka Mwanza kwenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, kwamba katikati ya safari unataka kupumzika Hong Kong siku mbili kisha urudi Guangzhou na kuendelea hadi Yiwu, mji wa masoko ya jumla, na kwamba tukushauri wapi upande treni, wapi ndege na wapi basi, mzigo uwe kilo ngapi, na utoke Mwanza hadi Dar kwa usafiri gani. Waliotangulia kuchangia wamekupigia hesabu nzuri za nauli. Lakini mstari wa mwisho wa swali lako, ule ulioutupia pale kama jambo dogo, unasema kwamba viza yako ni ya kuingia mara moja. Nilipoufikia nilimwacha mteja amesimama dukani na kava la simu mkononi, nikaanza kuandika.

Kwa viza hiyo, safari uliyoichora haiwezekani, na haijalishi utapanda nini. Hong Kong ilirudi mikononi mwa China mwaka 1997, lakini ina idara yake ya uhamiaji, mpaka wake na sarafu yake. Ukivuka kuingia Hong Kong, kwa hesabu ya uhamiaji umetoka China bara. Ruhusa yako ya kuingia mara moja utakuwa umeshaitumia siku ile uliyotua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, na siku zote ambazo viza ilikuruhusu kukaa hufutika pale unapotoka, hata kama hukuzitumia nusu. Macau nako ni vivyo hivyo. Mchangiaji mmoja hapo juu amekushauri upande basi kwa kuwa mpakani Shenzhen "hawana shida". Shida wanayo, kwa sababu kompyuta ya afisa wa Shenzhen inasoma kumbukumbu zilezile zinazosomwa na afisa wa uwanja wa ndege.

Ninayajua haya kwa sababu nilifanya hicho unachotaka kukifanya, na tena kwa treni, ambayo ndiyo mtego mbaya kuliko vyote vitatu. Ukienda kwa ndege, unapita upande wa safari za kimataifa, unagongewa muhuri wa kutoka kabla hujapanda, na akili inapata nafasi ya kushtuka. Ukienda kwa basi, unateremshwa mpakani na mabegi yako, unapanga foleni, na mwenyewe unaona kwamba hapa nchi inaisha. Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou Kusini haina dalili hiyo. Unaingia stesheni kama mtu anayekwenda mji wa jirani, unaonyesha pasi na kukaguliwa mzigo kama abiria wengine wote, unaketi, na baada ya kama saa moja uko stesheni ya West Kowloon, katikati ya Hong Kong. Ukaguzi wa uhamiaji wa pande zote mbili umewekwa ndani ya jengo hilo moja. Unakutana kwanza na kaunta za China bara zinazokutoa, kisha unapiga hatua chache na kukutana na kaunta za Hong Kong zinazokupokea. Mimi walinipokea bila viza na kwa adabu kabisa, wakanipa kikaratasi kidogo cha kuonyesha siku ninazoruhusiwa kukaa, nikatoka nje nikiwa nimefurahi kuona jinsi dunia ilivyo nyepesi.

Nilichagua siku zile kwa sababu ileile unayoifikiria wewe. Maonyesho ya Oktoba yana awamu tatu: ya kwanza, yenye vifaa vya umeme na vya elektroniki, huwa tarehe 15 hadi 19, ya pili, yenye vyombo vya nyumbani na zawadi, ni tarehe 23 hadi 27, na ya tatu, ambamo nguo, viatu na mikoba huonyeshwa, huanza tarehe 31 na kumalizika tarehe 4 Novemba. Kati ya tarehe 20 na 22 hakuna maonyesho, hoteli inaendelea kukudai, na kila Mtanzania unayekutana naye Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, anakuuliza kama umeshafika Hong Kong. Niliacha mabegi hotelini, nikaacha sampuli, nikaacha na kiwanda cha makava ya simu ambacho nilikuwa nimekwisha kukilipa advansi na ambacho nilipaswa kwenda kukikagua nikirudi. Nilibeba mkoba wa mgongoni wenye shati moja na chaja.

Wakati wa kurudi, uhamiaji wa Hong Kong walinipitisha bila neno. Nikajaza kadi ya kuingia kwa herufi nzuri, nikaifikisha kaunta ya China bara. Afisa alikuwa kijana mpole. Alifungua ukurasa wa viza, akatazama kompyuta, akatazama tena ukurasa, akamwita mwenzake. Yule mwenzake hakusema kitu. Aligeuza pasi inielekee, akaweka ncha ya kalamu juu ya tarakimu mbili ndogo: 01. Nikamwonyesha tarehe ya kumalizika kwa viza, ambayo ilikuwa bado mbali, naye akarudisha kalamu palepale. Nikamwonyesha picha ya mabegi yangu kwenye simu, na sijui nilitegemea yatanitetea vipi. Nilirudishwa upande wa Hong Kong, na treni ikaondoka na kiti changu nilichokilipia.

Sasa nimseme wakala aliyenitengenezea viza hapahapa Mwanza. Ofisi yake siitaji, maana anapita dukani kwangu na bado anasalimia kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, kabla sijalipa, kama naweza kutoka na kuingia. Akafungua pasi, akaniwekea kidole penye herufi M, akasema, "Si unaona M hii? Maana yake mara nyingi." Herufi ile ilikuwa kwenye sehemu ya aina ya viza, na hapo M ni viza ya shughuli za biashara. Idadi ya kuingia huandikwa sehemu yake peke yake: 01 ni mara moja, 02 ni mara mbili, na huko ndiko M humaanisha mara nyingi. Mtu anayekula kwa kazi ya viza hawezi kutojua tofauti hiyo. Alichofanya ni kuweka alama kwenye kisanduku cha bei ya chini katika fomu ya maombi, akanitoza ada yake kamili, na nilipompigia simu kutoka Hong Kong akaniambia, "Pole mzee, ungeuliza." Halafu kuna mwenyeji wetu wa Guangzhou, aliyeniambia kwamba Hong Kong ni kama kuvuka ziwa hapa kwetu, kutoka Kigongo kwenda Busisi: unavuka, unafanya lako, jioni umerudi. Busisi, ndugu zangu, hakuna anayekugongea muhuri.

Na kabla hujaniletea video za mtandaoni, nimeziona. Wapo Wazungu wanaoingia Guangzhou kutoka Hong Kong wakielekea nchi ya tatu, bila viza yoyote, kwa utaratibu wa saa 240 wa wapita njia. Utaratibu huo una orodha ya nchi, na Tanzania haimo. Ushauri wa safari uliotolewa na mwenye pasi nyingine ni hadithi ya mtu mwingine, hata kama stesheni anayoionyesha ndiyo hiyohiyo utakayoingia wewe.

Hasara ilikuja kwa mafungu. Tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilianzia Guangzhou, na nilidhani nitaidaka mbele ya safari, pale ndege inapobadilishwa. Shirika likanieleza kwamba abiria asiyetokea kwenye kipande cha kwanza hufutiwa vipande vyote vinavyofuata. Nikanunua tiketi ya kwenda tu kutoka Hong Kong, kwa bei ya mtu ambaye wanajua hana pa kukimbilia. Niliuliza habari za viza mpya, nikashauriwa kwenda kuiombea nyumbani. Nikakaa nikisubiri ndege katika chumba cha Chungking Mansions, jengo la vyumba vya bei nafuu huko Hong Kong, ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda, na ukitaka kugeuka ni lazima utoke nje kwanza. Mabegi yalikuja baadaye na kampuni ya mizigo, kwa kulipia.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni mzigo. Kwa kuwa sikurudi kuukagua, kiwanda kilipakia kilichokuwa karibu. Makava yalifika sokoni kwetu Makoroboi yakiwa mazuri, yamepangwa vizuri, ya aina ya simu ambazo hapa Mwanza hakuna anayezitumia. Bado ninayo. Kama kuna mwanajukwaa ana simu hiyo, aje tu, sitampigia bei, nitamshukuru.

Kwa hiyo ukiniuliza treni, ndege au basi, nakujibu kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: njia unayoipanga inatoka nje ya mpaka wa nchi iliyokupa viza mara ngapi, na viza inakuruhusu kuingia mara ngapi? Hesabu ya kuingia ikiwa ndogo kuliko mipango yako, nauli ya bure kabisa bado ni hasara. Jambo hili si la China pekee. Mwenye viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja akitoka Paris kwenda London, hata kama ana viza ya Uingereza, hawezi kurudi Paris kwa viza ileile, awe amekuja kwa treni ya chini ya bahari, kwa basi au kwa ndege. Vivyo hivyo akitoka Budapest, Hungary, iliyomo Schengen, kwenda Belgrade, Serbia, isiyomo, na kutaka kurudi. Ramani itakuonyesha miji jirani yenye treni nzuri, lakini ramani haikuonyeshi ruhusa uliyo nayo.

Unazo njia mbili za kujiokoa, na zote zinahitaji uamue ukiwa bado hapa. Kama viza haijabandikwa, mwambie wakala aombe ya kuingia mara mbili, na usimame juu yake uone kisanduku anachokiwekea alama. Ada itapanda, mlipe. Kama imekwisha kubandikwa, basi Hong Kong iwe mwisho wa safari: ingia Guangzhou, maliza maonyesho, nenda Yiwu, rudi ukague mzigo hadi upakiwe, halafu ndipo uende Hong Kong na upandie ndege ya nyumbani huko. Maana yake ni kwamba tiketi yako ya ndege iwe ya kufikia Guangzhou na kuondokea Hong Kong, ndani ya tiketi moja, na hilo linapangwa kabla ya kulipa. Kuna watakaokuambia kwamba polisi wa uhamiaji wa Guangzhou wanaweza kukupa ruhusa ya kuingia tena ukiomba kabla ya kutoka. Maombi ya aina hiyo hupokelewa, lakini huhesabiwa kwa siku za kazi, nawe una mapumziko ya siku tatu na kiwanda kinakungoja.

Ukiipanga hivyo, treni ya Hong Kong ni nzuri na sina ugomvi nayo, ila kwa kanuni zao mtu mzima hubeba kilo 20, na wewe wakati huo utakuwa na mabegi ya sampuli. Ukiwa na mizigo mingi, panda basi. Yiwu nenda kwa treni. Tiketi hununuliwa kwa namba ya pasi, na pasi hiyohiyo ndiyo inayokupitisha getini, mara nyingi kwenye mlango wenye mhudumu maana mashine ni za vitambulisho vyao. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasi hadi herufi ya mwisho, na uhakikishe ni stesheni gani, kwa sababu Guangzhou zipo zaidi ya moja. Ukiamua kwenda kwa ndege, tazama pawabenki yako: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei zile zisizo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya ubora na usalama, na nyingi tunazouziana hapa hazina.

Piga picha ya ukurasa wa viza, funika namba ya pasi na jina lako, uiweke hapa leo kabla hujalipia kitu. Nitaisoma nikishafunga duka.