Pakistan na marafiki zake
Ndugu unayesema nchi ya Kiislamu ikishirikiana na wasio Waislamu ndo imeshapoteza utambulisho, hebu iangalie Pakistan. Imezaliwa 1947 kwa jina la Uislamu kabisa lakini 1954 ikaingia SEATO, muungano wa kijeshi wa kupinga ukomunisti, pamoja na Marekani, na leo rafiki yake mkubwa ni China ya wakomunisti, sababu wote wawili wana ugomvi na India. Halafu 2015 Saudia wakaomba msaada kwenye vita vya Yemen, bunge la Pakistan likasema hapana, tusiegemee upande. Sasa hapo nani kaacha dini? Mi naona kinachowaongoza zaidi ni hofu ya India na ugomvi wa Kashmir, eneo wanalogombania, na kinachoniuma ni kwamba Wauighur, Waislamu wenzao, wanateseka huko China na serikali ya Pakistan iko kimya.